Mwenda Jean Bosco katika Nyimbo Teule: Jina, Santuri na Lugha

Msikilizaji wa Goma aliyezaliwa baada ya 1990 hukutana na Mwenda Jean Bosco kwa njia moja tu, nayo ni mkusanyo wa nyimbo teule. Santuri za awali, zile zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zimekwisha kuwa mali ya maktaba na ya wakusanyaji. Kinachobaki ni nyimbo kadhaa zilizochaguliwa na mtu mwingine, zikapangwa upya na kupewa maelezo kwa Kiingereza, Kifaransa au Kijerumani. Mikusanyo ya namna hii imelihifadhi jina la mwanamuziki huyu, na kwa hilo inastahili shukrani. Hata hivyo, anayetaka kuyafahamu maisha yake ya kisanii, na hasa Kiswahili chake, hana budi kuisikiliza kwa tahadhari.

Ugumu unaanza na jina lenyewe. Mikusanyo mingine humwita Mwenda Jean Bosco na mingine Mwenda wa Bayeke, hata mwanafunzi asiyejua akadhani kwamba ni wapiga gitaa wawili. Sababu ni ya kisiasa. Mwaka 1972, katika sera ya uhalisi ya Mobutu, wananchi wa Zaire walitakiwa kuyaacha majina ya Kikristo. Katanga nayo ilikuwa imekwisha kuitwa Shaba, na mji wa Jadotville ukawa Likasi. Jina Bayeke lina historia ndefu zaidi. Wayeke walitoka Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, wakafika Katanga katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara, na mfalme wao Msiri aliyeuawa mwaka 1891 akaufanya Bunkeya kuwa makao yake. Msiri naye alikuwa na jina la Mwenda. Kwa hiyo jina la pili la mwanamuziki huyu lina ukoo na safari ndani yake, na si tangazo la chama tu.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akisafiri na mitambo yake ya kunasa sauti katika nchi nyingi za kusini na mashariki ya Afrika, alimrekodi Bosco huko Jadotville. Kijana huyo alikuwa na umri wa miaka 22 hivi. Wimbo wa Masanga ulitoka katika kazi hiyo, ukatunukiwa zawadi ya muziki bora wa Kiafrika wa mwaka ule, na santuri za Gallotone zikaueneza mbali. Upigaji wake ni wa vidole viwili, gumba na kidole cha shahada. Gumba hushika nyuzi za chini kwa mwendo usiobadilika, na kidole cha shahada hupita juu yake kwa mapigo yanayoonekana kupingana nao. Msomi David Rycroft aliyachambua mapigo hayo kwa nota katika jarida la African Music mnamo 1961 na 1962. Heshima ya namna hiyo ilikuwa adimu kwa mpiga gitaa wa Kiafrika wa wakati ule.

Hapa ndipo mkusanyo unapoanza kupotosha. Kwa kuwa nyimbo za miaka ya 1950 ndizo zilizopendwa, ndizo zinazochaguliwa, na msikilizaji hubaki na picha ya kijana mmoja aliye na gitaa lake mlangoni pa nyumba. Hasikii kwamba mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Bosco alikaa Nairobi kwa muda, akasikika redioni mara kwa mara, na wapiga gitaa wa Kenya wakajifunza kwake. Hasikii safari ya Newport, Marekani, mwaka 1969, kwenye tamasha la muziki wa kienyeji. Wala hasikii miaka mingi ya kazi katika kampuni ya migodi ya Gécamines, wakati alipokuwa pia na bendi yake, Super Shaba. John Low, mpiga gitaa Mwingereza aliyekwenda Shaba mwaka 1979 kuwatafuta wanamuziki wa mtindo huu, alimkuta Bosco akiwa mtu mzima mwenye shughuli zake. Kitabu chake cha 1982 ni dawa nzuri kwa anayedhani kwamba sanaa hii iliishia mwaka 1952.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili suala zito zaidi ni maneno. Mtazame msomaji wa Goma mbele ya jina Masanga. Katika mji ambamo Kilingala husikika kila siku, neno hilo humwelekeza kwenye pombe. Lakini Bosco alirekodi pia wimbo uitwao Masanga Njia, na hapo maana inaegemea kukutana kwa njia, yaani njia panda, sawa na kitenzi kusangana. Mfasiri asiyejua Kiswahili cha Kongo anaweza kumfanya mwimbaji mlevi bila kosa lolote la mwimbaji.

Angalia pia majina mawili yanayokaa jirani katika orodha ya nyimbo zake, Kijana Muke na Watoto Wawili. La kwanza lina muke, si mke, kwa kuwa Kiswahili cha Katanga, kama kile cha Kivu, hutamka kiambishi mu- kikamilifu. Goma husema mutoto na muti vivyo hivyo. La pili lina wa- ya pwani, mahali ambapo mazungumzo ya kawaida ya Lubumbashi au Goma yangetoa batoto. Je, huu ni mkanganyiko? Si lazima. Katanga ilikuwa na kile kilichoitwa Kiswahili bora, lugha ya shule na ya misheni, kando ya lugha ya kambi za wafanyakazi, na kijana aliyepita shuleni aliweza kuzitumia zote mbili. Inawezekana pia kwamba karani wa kampuni ya santuri ndiye aliyeandika wa-. Lebo haiwezi kulitatua swali hilo. Sikio pekee ndilo linaloweza.

Ndiyo maana unukuzi wa nyimbo hizi ni kazi nyeti. Wapo wanaonukuu kwa kusahihisha: muke anageuzwa mke, kuya inakuwa kuja, iko inafutwa na kuwekewa ni. Matokeo husomeka vizuri Dar es Salaam, lakini ushahidi wa jinsi wafanyakazi wa migodi walivyozungumza mwaka 1952 unapotea, na ushahidi wa sauti wa miaka hiyo si mwingi. Katika Goma kosa hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu mwanafunzi wa hapa huyafahamu maumbo hayo kwa mama yake, kisha huambiwa darasani kwamba ni makosa. Akiyasikia katika sauti ya mwanamuziki aliyesifiwa ulimwenguni, halafu akayakosa katika maandishi yanayoandamana na wimbo, atajua kwamba kilichosahihishwa si wimbo peke yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Bosco alirekodi tena, safari hii Cape Town, akizirudia baadhi ya nyimbo za ujana wake. Alifariki katika ajali ya gari nchini Zambia, Septemba 1990. Mwalimu anayetaka zoezi la darasa achukue wimbo mmoja ulio katika rekodi za awali na za baadaye, awape wanafunzi sauti zote mbili bila maandishi, na awaache wanukuu wenyewe kila silabi wanayoisikia.