Sura ya Saba: Mwangwi Chini ya Mabati

Ingia katika stoo ya mahindi huko Yamumbi, pembezoni mwa Eldoret, mwezi wa Septemba kabla mavuno hayajaingia. Mwambie mwenzako asimame pembe ya mbali apige kofi moja. Utasikia mlio mmoja wenye mkia mrefu. Kwa kweli milio ni mingi: wa kwanza umekujia moja kwa moja, mingine imegonga paa, ukuta na sakafu kabla ya kukufikia. Sikio limeichanganya yote ikawa kitu kimoja.

Sasa toa simu. Nje, chini ya anga wazi, setilaiti za GPS zingekuonyesha ulipo kwa kukosea mita 5 hivi. Humu ndani, mawimbi yaliyosafiri zaidi ya kilomita 20,000 yanafika yakiwa hafifu mno, na mabati yanayazuia. Nukta ya buluu inatangatanga, mara iko barabarani, mara kwa jirani. Ndani ya jengo, basi, lazima tufunge vituo vyetu wenyewe vya redio na kupima umbali kutoka kila kituo.

Kupima umbali huo ni kupima muda. Wimbi la redio husafiri sentimita 30 kwa nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Ukikosea nanosekunde 10, umekosea mita 3. Hospitalini, mita 3 zinaweza kumpeleka muuguzi wodi nyingine huku mashine ya oksijeni anayoitafuta iko nyuma ya ukuta.

Hapo ndipo upana wa bendi, yaani wa eneo la masafa linalotumiwa na redio, unapoingia. Wi-Fi ya kawaida yenye bendi ya megahezi 20 haiwezi kutoa mpigo mfupi kuliko nanosekunde 50 hivi. Mpigo huo, ukiunyoosha hewani, una urefu wa mita 15. Mwangwi uliozunguka mita 10 zaidi kwa kugonga ukuta unafika baada ya nanosekunde 33, na mpigo wa kwanza bado haujaisha. Imepandana, kama kofi la stoo. Panua bendi hadi megahezi 500, na mpigo unakuwa wa nanosekunde 2, sentimita 60 tu. Mwangwi ukifika, wa kwanza umekwisha kupita zamani. Mwangwi haujaondoka, umetengwa, na kipokezi sasa kinaweza kuchagua.

Kichague upi? Uliotangulia, hata ukiwa dhaifu. Nalisisitiza hili kwa sababu ndipo wengi hukosea: mpigo wenye nguvu zaidi si lazima uwe ndio uliokuja kwa njia fupi. Gunia au mwili wa mtu ukisimama katikati, wenye nguvu huwa ule uliogonga paa.

Mwaka 2002, Marekani iliruhusu teknolojia hii ya mipigo mifupi ya bendi pana kati ya gigahezi 3.1 na 10.6, kwa nguvu ndogo sana ili isisumbue redio nyingine. Kiwango cha IEEE 802.15.4a kilifuata mwaka 2007, kampuni ya Decawave ya Dublin ikatengeneza chipu yenye kosa la sentimita 10 hivi, na mwaka 2019 Apple ikaweka chipu ya namna hiyo ndani ya iPhone 11.

Sentimita hizo 10 hazipatikani bure. Saa ya kifaa cha bei nafuu ikikimbia kwa sehemu 20 katika milioni, na kifaa kikachukua mikrosekunde 300 kujibu swali la kituo, kosa la umbali linakaribia sentimita 90. Dawa yake ni kuulizana mara mbili: kituo kinauliza, kifaa kinajibu, kituo kinajibu tena. Kila upande ukipima muda wa mzunguko wake, kosa la saa hufutika karibu lote.

Ukuta ni mkaidi zaidi. Ndani ya jiwe mwendo wa wimbi hushuka hadi karibu nusu, kwa hiyo ukuta wa sentimita 20 huongeza sentimita 20 hivi kwenye kipimo. Huongeza daima, haupunguzi kamwe. Mavuno yakiingia, magunia ya kilo 90 yakapangwa hadi karibu na dari, stoo ile iliyopimwa vizuri Septemba inakuwa jengo jingine kabisa. Hata mahindi yaliyokaushwa hadi unyevu wa asilimia 13.5 yana maji ya kutosha kulichelewesha na kulidhoofisha wimbi.

Kwa hiyo pima stoo ikiwa imejaa, si ikiwa tupu. Ukiwa na vituo vinne, usivitundike vyote kwenye boriti za kimo kimoja. Vitakuambia vizuri kifaa kiko kona gani, lakini vitayumba kwenye kimo. Shusha kimoja karibu na sakafu. Na kabla hujanunua cha tano, panda ngazi uhamishe cha nne mahali pasipozibwa na magunia.