Kioo cha Kompyuta Kikiharibika Baada ya Matengenezo: Usikimbilie Kununua Kingine

Liko jambo ambalo kila mmoja wetu kiwandani analijua, hata kama hakulisoma kitabuni. Cherehani ikitoka mikononi mwa fundi na kuanza kukata uzi saa ile ile, hatusemi kwamba cherehani imekufa. Tunatazama sindano iliyobadilishwa: je, imekaa sawasawa, na uzi umepita mahali pake? Kadhalika wenzetu wa viwanda vya chai. Mashine ikifunguliwa asubuhi ili isafishwe, na mchana ikaanza kulia, wa kwanza kuulizwa ni yule aliyeifungua. Mahali palipoguswa mwisho ndipo panapotazamwa kwanza.

Lakini kanuni hii nzuri aghalabu tunaiacha getini tunapotoka kazini. Kifaa cha nyumbani kikiharibika siku chache baada ya kutengenezwa, tunaambiwa kimekufa, tunaitikia, tena tunalipa. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuepuka hasara hiyo kwa kifaa kimoja ambacho sasa kimeingia katika nyumba nyingi za wafanyakazi mjini Kigali, nacho ni kompyuta mpakato, yaani laptopu.

Zamani kompyuta ilikuwa kitu cha ofisi za wakubwa. Hapa Rwanda mambo yalianza kubadilika mwaka 2008, Serikali ilipoanza kuwagawia wanafunzi wa shule za msingi kompyuta ndogo katika mpango wa One Laptop per Child. Mwaka 2015 kampuni ya Positivo BGH ilianza kuunganisha kompyuta hapa hapa Kigali, na mwaka huo huo ukaanzishwa mtandao wa Irembo, ambao raia huutumia kuomba vyeti na kulipia huduma za Serikali. Leo mtoto wa mfanyakazi aliyeko chuoni anaandika kazi zake kwa kompyuta. Wengi wetu hatuna uwezo wa kununua mpya, kwa hiyo tunanunua zilizokwisha kutumika, na hizo hazikosi kupita kwa fundi.

YALIYOMPATA MWENZETU

Mama mmoja anayeshona nguo katika eneo la viwanda la Masoro alimnunulia binti yake kompyuta iliyotumika. Siku moja kalamu ilisahauliwa juu ya vibonye, kifuniko kikafungwa, kioo kikapasuka. Mama akaipeleka kwa fundi mmoja wa mjini, akalipa, akawekewa kioo kipya. Picha ilikuwa nzuri, akarudi nyumbani na furaha.

Siku ya tatu mambo yakabadilika. Kifuniko kikiwa nusu wazi, picha inaonekana. Kikisukumwa nyuma kidogo, inaingia mistari, kisha giza. Aliporudi kwa fundi akajibiwa: "Mama, kioo hiki nacho kimekufa. Leta pesa ya kingine." Bei yake ilizidi nusu ya mshahara wake wa mwezi, na binti alikuwa amebakiza wiki mbili tu kupeleka kazi zake kwa mwalimu.

Mama alitueleza shida yake wakati wa chakula cha mchana. Mzee mmoja wa idara ya umeme, aliyekuwa akisikiliza, akamwuliza swali moja: "Je, kioo kikifa kinajuaje kwamba kifuniko kimesukumwa nyuma?" Hapo ndipo tulipoanza kufikiri.

KIOO HUFANYAJE KAZI

Ili tuweze kuulizana maswali ya namna hiyo, yafaa tujue kilichomo ndani ya kifuniko.

Kioo cha kompyuta hakitoi picha kwa nguvu zake chenyewe. Nyuma yake kuna taa ndogo ndogo zilizopangwa kwa mstari, kwa kawaida upande wa chini, na mwanga wake hutandazwa na karatasi maalum mpaka ukienee kioo chote. Mbele ya mwanga huo kuna tabaka la kimiminika cha pekee ambacho kikipewa umeme hufungua au hufunga njia ya mwanga, kama pazia dirishani. Kioo cha kawaida chenye nukta 1366 kwa upana na 768 kwa urefu kina nukta zaidi ya milioni 1, na kila nukta ina mapazia matatu: la nyekundu, la kijani na la buluu.

Amri za kufungua na kufunga mapazia hayo hutoka kwenye ubao mkuu wa mitambo, chini ya vibonye. Hupanda kwenye kioo kwa utepe mmoja wa nyaya nyembamba sana. Utepe huo hupita kwenye bawaba, yaani pale kifuniko kinapokunjwa, na huishia kwenye plagi ndogo nyuma ya kioo yenye pini 30 au 40.

Kwa hiyo kuna vitu vitatu vya kutofautisha: kioo chenyewe, taa zilizo nyuma yake, na utepe. Mtu aonapo giza husema "kioo kimekufa", lakini huenda kioo ni kizima na kilichokufa ni taa, au taa ni nzima na kilichobanwa ni utepe. Na utepe ndio unaoguswa kila kioo kinapobadilishwa.

MAJARIBIO YASIYOHITAJI BISIBISI

Kabla ya kulipa faranga moja, fanya majaribio haya manne. Hakuna hata moja linalohitaji kufungua kompyuta.

Kwanza, unganisha kompyuta na televisheni kwa waya wa HDMI. Kompyuta nyingine huhitaji ubonyeze kibonye cha Windows pamoja na herufi P ndipo zipeleke picha nje. Picha ikiwa safi kwenye televisheni, jua kwamba ubongo wa kompyuta ni mzima, na ubovu uko kwenye kioo, taa, utepe au mahali utepe unapochomekwa. Ikiwa televisheni nayo inaonyesha mistari ile ile, usinunue kioo. Ubovu uko kwenye ubao mkuu au kwenye programu.

Pili, kama kioo ni cheusi, ingia mahali penye giza, washa tochi ya simu na uimulike kwenye kioo kwa upande. Ukiona picha hafifu kama kivuli, kioo kinafanya kazi, ila taa hazipati umeme.

Tatu, kifungue na kukifunga kifuniko polepole huku ukitazama. Picha ikibadilika kwa kufuata mkunjo wa kifuniko, mtuhumiwa wa kwanza ni utepe. Lakini ukiona mstari mmoja usiosogea wala kubadilika, au doa jeusi kama wino uliomwagika, au ufa, hapo kioo chenyewe kina dosari.

Nne, zima kompyuta, kisha iwashe na kutazama sekunde za mwanzo, alama ya kampuni inapoonekana. Picha ikiwa njema hapo na kuharibika baadaye Windows inapoanza, shuku programu inayoendesha picha. Kwa kompyuta nyingi za Dell kuna njia bora zaidi: shikilia herufi D huku ukiiwasha. Kioo kitajipima kwa kuonyesha rangi moja moja. Rangi zikiwa safi, kioo ni kizima.

Mama yule alifanya majaribio haya nyumbani kwa jirani mwenye televisheni. Picha ya televisheni ilikuwa safi, na picha ya kompyuta ilifuata mkunjo wa kifuniko. Basi kilichobaki kutazamwa kilikuwa utepe.

MAKOSA YANAYOFANYIKA WAKATI WA KUBADILISHA KIOO

Fundi anayefanya kazi kwa haraka aweza kukosea kwa njia hizi:

1. Plagi haikuingia mpaka mwisho. Plagi ya utepe huingizwa kwa unyoofu, kisha hushikwa kwa ukanda wa gundi ili isitoke. Ukanda ule wa zamani ukitupwa na mpya usiwekwe, plagi hulegea kidogo kidogo kila kifuniko kinapofunguliwa. Ndiyo sababu kazi huonekana njema siku ya kwanza na kuharibika siku ya tatu.

2. Utepe umepitishwa vibaya kwenye bawaba. Una njia yake, kama uzi katika cherehani. Ukiwekwa nje ya njia, chuma cha bawaba huubana mpaka nyaya za ndani zinakatika.

3. Betri haikutengwa kabla ya kazi. Hili ni kosa kubwa. Ubongo wa kioo hutumia umeme mdogo wa volti 3.3, lakini taa zake hupelekewa umeme mkubwa zaidi, mara nyingi wa zaidi ya volti 10, kwenye pini zilizo katika plagi ile ile. Plagi ikiingia mshazari huku betri ingali imeunganishwa, umeme wa taa huweza kugusa pini za ubongo na kukiunguza kioo. Au huungua fyuzi ndogo kwenye ubao mkuu, na hapo hata ukiweka vioo kumi vipya vyote vitakuwa giza. Fyuzi hiyo yaweza kubadilishwa na fundi anayejua kulehemu vitu vidogo, kwa gharama iliyo ndogo kuliko ya kioo.

4. Kioo si cha kompyuta hiyo. Viwili vyaweza kulingana kwa ukubwa, kimoja kikawa na pini 30 na kingine 40, au plagi zikawa pande tofauti. Kila kioo kina karatasi mgongoni yenye namba yake. Hiyo ndiyo ya kufuata, si kipimo cha macho.

5. Skrubu ndefu imetiwa mahali pa fupi. Skrubu ya kompyuta huweza kutofautiana na mwenzake kwa milimita chache tu, lakini milimita hizo zatosha kukipasua kioo au kuutoboa ubao.

Mtu asiyezoea kazi hii asiifungue kompyuta mwenyewe. Na kama betri imevimba, isibonyezwe wala kutobolewa, kwa sababu yaweza kushika moto.

MWISHO WA KISA

Tulimsindikiza mama kwa fundi mwingine, tukamwomba aifungue kompyuta mbele yetu. Ukanda wa gundi haukuwapo, na utepe ulikuwa umebanwa na bawaba, ngozi yake imechubuka. Kioo kilikuwa kizima kabisa. Aliweka utepe mwingine, akaupitisha njia yake, na binti akapeleka kazi zake kwa wakati.

Kisha tulirudi kwa fundi wa kwanza na utepe ule ulioharibika. Hatukwenda kwa ugomvi. Aliutazama, akanyamaza kidogo, akasema: "Mama, nisamehe. Siku ile nilikuwa na kompyuta kumi na moja mezani, na mimi nalipwa kwa idadi." Mwenye duka alirudisha gharama ya utepe.

Ndugu wafanyakazi, maneno yale ya kulipwa kwa idadi tunayajua sana. Fundi yule naye ni mfanyakazi. Mtu anayelipwa kwa idadi peke yake husukumwa kuharakisha, na anayeumia ni mfanyakazi mwingine upande wa pili wa meza. Hatusemi hivi ili kuficha kosa, bali tujue kwamba kudai kazi bora na kumheshimu fundi ni mambo yanayokwenda pamoja.

HAKI ZETU NA WAJIBU WETU

Rwanda ina sheria ya ushindani na ulinzi wa mlaji tangu mwaka 2012, na mwaka 2017 iliundwa mamlaka ya RICA ambayo miongoni mwa kazi zake ni kumlinda mlaji. Aidha, wapo Abunzi, wapatanishi wanaochaguliwa na wananchi, ambao kazi yao ni kusuluhisha mambo kabla watu hawajafikishana mahakamani. Lakini haki hudaiwa kwa ushahidi, na wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo upelekapo kompyuta kwa fundi, yafaa ufanye haya:

Dai risiti ya EBM, na uandikiwe kazi iliyofanywa, namba ya kioo kilichowekwa na siku za dhamana.

Omba urudishiwe kioo cha zamani, maana ndicho ushahidi kwamba kweli kilibadilishwa.

Usiondoke dukani mara tu picha ionekanapo. Fungua na kufunga kifuniko mara ishirini, taratibu, huku ukitazama. Kama plagi imelegea au utepe umebanwa, huenda ukaonekana hapo hapo.

Ubovu ukijitokeza baadaye, fanya majaribio manne tuliyoyataja kabla ya kurudi kwa fundi, ili uende na hoja mkononi. Fundi anayeambiwa "picha ni safi kwenye televisheni, lakini hapa inafuata mkunjo wa kifuniko" atajua kwamba haongei na mtu wa kudanganywa.

Na kama kioo kimekufa kweli, usikitupe jalalani. Huko Bugesera kuna kiwanda kinachopokea na kuvunjavunja taka za vifaa vya umeme bila kuchafua udongo.

Kuuliza si ujinga. Kiwandani hatununui cherehani mpya kwa sababu ya sindano iliyokaa upande. Basi na nyumbani tusinunue kioo kipya kwa sababu ya utepe uliobanwa. Mshahara wetu ni jasho letu, na lisilipwe mara mbili kwa kazi moja.