Mafuta Bora Huanzia Kwenye Turubai

Heshima ya mafuta ya zeituni haikujengwa na viwanda vikubwa peke yake. Imejengwa pia na familia za Hispania, Italia, Ugiriki na Tunisia zilizojifunza kwamba tunda likishavunwa halisubiri: hukamuliwa upesi, kisha mafuta yake hufichwa mbali na joto, hewa na mwanga. Mzeituni wenyewe si mti wa Dodoma. Hutaka majira ya baridi ili uchanue vizuri, na baridi ya Julai huku kwetu, nyuzi sita kusini mwa ikweta, haitoshi. Nidhamu ile, hata hivyo, haihitaji baridi. Uwanda wa kati una zao lake la mafuta, alizeti, na familia yenye ekari tatu Kongwa au Bahi ingenufaika zaidi kwa kuitunza vizuri baada ya mavuno kuliko kwa kuongeza ekari ya nne.

Kwa nini alizeti, kila mkulima wa huku anajua. Mvua ya Dodoma haizidi sana milimita 600 kwa mwaka, nayo huja kwa msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili. Mahindi yakishakauka, mzizi mrefu wa alizeti bado unafuata unyevu chini. Mwaka 2021 serikali ilieleza kuwa nchi inahitaji takribani tani 570,000 za mafuta ya kula kwa mwaka na inazalisha kama 205,000, ikaiteua Dodoma pamoja na Singida na Simiyu kuongoza kilimo cha zao hili. Mkazo ukawekwa kwenye mbegu na ukubwa wa mashamba. Si vibaya, ila mwaka 2023 bei ya alizeti ilianguka, baada ya ushuru wa mafuta yanayotoka nje kupunguzwa, na aliyevuna magunia mengi akaumia kuliko aliyevuna machache. Anayeuza alizeti ghafi huuza kitu kilekile na wakati uleule na jirani zake wote, tena mara nyingi kwa lumbesa.

Ubora nao hupotea mapema kuliko tunavyodhani. Vichwa vikipigwa kwenye ardhi tupu, mbegu hupasuka na kuchanganyika na mchanga. Zikifungwa kwenye gunia la plastiki kabla ya unyevu kushuka hadi karibu asilimia 9, hupata joto, huota ukungu, na mafuta yaliyomo ndani huanza kuvunjika na kuwa makali hata kabla ya kufika kwenye mashine. Hakuna mashine ya kijijini inayoweza kurudisha kilichoharibika hapo. Ukungu una hatari nyingine, nayo Dodoma inaifahamu kwa msiba: mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu mkoani humo na Manyara. Mwaka uliofuata watafiti walichapisha matokeo yaliyoonyesha sumu hiyohiyo kwenye mbegu na mashudu ya alizeti kutoka kwa wakamuaji wadogo nchini. Sehemu kubwa ya sumu hubaki kwenye mashudu, mashudu huliwa na ng'ombe, na baadhi yake huishia kwenye maziwa ya watoto. Turubai la kuanikia, kupeta vizuri na kuyainua magunia juu ya vichanja si mapambo ya kilimo cha kisasa. Ndiyo kazi yenyewe.

Hapo alizeti inaizidi zeituni kwa jambo moja kubwa. Mbegu iliyokauka sawasawa husubiri miezi, hivyo familia inaweza kukamua kidogo kidogo kadiri soko linavyotaka. Teknolojia si ngeni: katikati ya miaka ya 1980 Mmarekani Carl Bielenberg alibuni Arusha mashine ya kukamua kwa mkono iliyolengwa vijijini, na leo mashine za umeme zimejaa kuanzia Kibaigwa hadi Singida. Kinachokosekana ni subira baada ya kukamua. Mafuta yaachwe yatulie siku kadhaa, yachujwe, yatiwe kwenye chombo kisafi, kikavu, kisichopitisha mwanga, kijazwe hadi karibu na shingo. Mafuta ya alizeti ya kawaida yana asidi ya linoleiki nyingi, ambayo huchacha upesi ikipigwa na hewa na mwanga. Ndiyo maana yale madumu yanayong'aa kando ya barabara kuu, juani kutwa nzima, ni njia ya uhakika ya kuharibu mafuta mazuri mbele ya mteja.

Wapo watakaosema ada za shule hazisubiri mbegu zikauke. Ni kweli, na sioni ubaya familia ikiuza sehemu ya mavuno mara moja ili ikamue iliyobaki. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mashine ndogo huacha mafuta mengi kwenye mashudu, hivyo haiwezi kushindana kwa bei na mawese kutoka Malaysia na Indonesia. Haiwezi, na isijaribu. Ushindani wake ni harufu, ladha na uaminifu, mambo ambayo mnunuzi wa Tanzania amekwisha kuonyesha anayathamini, maana wengi husimama kando ya barabara hiyo kuu wakitafuta alizeti hasa. Mashudu nayo, yakiwa safi, ni chakula cha kuku na ng'ombe, si hasara.

Haya yote yatadumu endapo shamba litadumu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianzishwa mwaka 1973 kwa sababu mmomonyoko ulikuwa umeila Kondoa hadi makorongo, na kulima alizeti msimu baada ya msimu bila kupokezana na kunde, njugu mawe au mtama ni kurudi kulekule. Mizinga ya nyuki pembezoni mwa shamba husaidia uchavushaji na huongeza asali, biashara ambayo mikoa hii tayari inaijua.

Mnunuzi naye ana sehemu yake. Ukisimama Kibaigwa au Manyoni, liache dumu lililo juani, uliza alizeti ilikauka wapi na ilikamuliwa lini, kisha mlipe vizuri yule mwenye majibu.