SIMU NA MTOTO ANAYEKARIBIA BALEHE

Katika gazeti letu la muhula huu napenda kueleza jambo linaloonekana dogo machoni pa watu wengi, nalo ni jinsi ya kumlinda mtoto anayetumia intaneti wakati anapokaribia balehe. Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu. Nyumbani ninao wadogo wawili, mmoja yuko darasa la tano na mwingine la saba, kwa hiyo jambo hili lanihusu kama linavyowahusu wazazi wetu.

Hapa kwetu Lumuma watu wengi ni wakulima, na vitunguu ndivyo vitupatiavyo fedha za nguo, madaftari na mabati ya nyumba. Siku hizi mwenye vitunguu hawezi kufanya biashara bila simu. Kwa simu huuliza bei ya gunia Kilosa, Morogoro hata Dar es Salaam, na kwa simu hiyo hiyo hupokea fedha zake. Basi simu imekuwa kama jembe la pili. Lakini jembe jioni huwekwa pembeni, na simu jioni huchukuliwa na mtoto. Baba amechoka, mama yuko jikoni, na mtoto wa miaka 11 amekaa peke yake akitazama kioo. Yatupasa tujiulize: huko ndani anakutana na nani?

Watoto wa namna hii si wachache. Utafiti wa UNICEF, ECPAT na INTERPOL, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2022, ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 12 hadi 17, watoto 67 walikuwa wakitumia intaneti. Tena katika kila 100 ya hao watumiaji, 4 walikuwa wamefanyiwa vitendo vya wazi vya unyanyasaji wa kingono kwa njia ya mtandao katika muda wa mwaka mmoja. Ukipiga hesabu kwa nchi nzima, hao ni watoto wapatao 200,000.

Kwa nini hatari huzidi katika umri huu? Mtoto anayekaribia balehe huona mwili wake unabadilika, naye huwa na maswali mengi ambayo huona haya kuyauliza. Zamani wazee wetu walilijua jambo hili. Kwa Wakaguru na Wasagara, vijana walipofikia umri huo walitengwa wakafundishwa na watu wazima waliochaguliwa kwa kazi hiyo, na mjomba alikuwa na sauti kubwa katika malezi yao. Mwalimu wa mtoto alijulikana kwa jina na kwa ukoo, na akipotosha aliulizwa. Leo mafunzo hayo yamepungua, lakini maswali ya watoto hayakupungua. Mtoto humwuliza simu, na simu haina ukoo.

Tena simu haijibu tu swali aliloulizwa. Programu nyingi za picha na video zimetengenezwa ili zimshike mtazamaji asiondoke. Mtoto akikawia kidogo kwenye video moja, programu huhesabu kwamba ameipenda, kisha humletea nyingine kama hiyo, na nyingine tena. Wenye mitandao kama Facebook na TikTok wamesema kwamba mtu asijiandikishe kabla ya kutimiza miaka 13. Lakini mtoto wa miaka 10 akiandika kwamba ana miaka 20, mara nyingi hupokelewa, na tangu hapo huletewa mambo ya watu wazima.

Sasa nieleze hila za watu wabaya, maana adui ukimjua njia yake waweza kuiziba. Kwanza, mtu huyo hujifanya rafiki, pengine hudai kuwa ni kijana wa rika moja na mtoto. Pili, humsifu na kumpa vizawadi, mathalani vocha au bando. Tatu, humwambia, “Haya ni mambo yetu wawili, usimwambie mama.” Nne, huomba picha, kwanza ya kawaida, baadaye ya mwili usio na nguo. Tano, akiipata, hugeuka kuwa simba: “Nitumie nyingine, au fedha, la sivyo naisambaza kijiji kizima.” Wala tusidhani kwamba mtu huyo ni mgeni wa mbali siku zote. Mara nyingi ni mtu ambaye mtoto anamfahamu tayari.

Hapo ndipo mtoto huangamia kwa ukimya. Anaogopa yule mtu, lakini anaogopa zaidi kipigo cha nyumbani. Utafiti nilioutaja ulionyesha kwamba watoto wachache sana waliotendewa haya walipeleka habari polisi au kwa wanaotoa msaada kwa simu.

Sheria ya nchi iko upande wa mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kwamba mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yakataza kuchapisha picha za ngono za watoto, ikiweka adhabu kubwa ya faini na kifungo. Nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi: Australia, tangu tarehe 10 Desemba 2025, imezuia watoto wa chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii. Hata hivyo sheria haiketi nasi jikoni jioni. Kazi ya kwanza ni yetu.

Kwa wazazi nasema hivi. Simu itumiwe sebuleni au uani mbele ya watu, wala isilale na mtoto. Namba ya siri ya fedha asipewe. Laini imesajiliwa kwa alama za vidole vya mzazi, basi lifanywalo kwa laini hiyo huanza kuulizwa kwake. Mwombeni mtoto awaonyeshe anachotazama, na msione haya kumwuliza kwa kuwa yeye ni hodari wa simu kuliko ninyi. Yeye anajua vidude vya simu, ninyi mnawajua watu. Zaidi ya yote, ongeeni naye habari za balehe kabla mtandao haujaongea naye, maana asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Ikiwa baya limekwisha kutokea, msimpige, kwa sababu mtoto aliyepigwa leo kesho ataficha. Msilipe fedha, kwa kuwa mwenye kutisha akilipwa hurudi. Msifute ujumbe, maana ndio ushahidi. Wala picha hiyo msiipeleke kwa jamaa yeyote hata kwa nia ya kuonya, kwa sababu kila anayeisambaza humwumiza mtoto upya, tena aweza kushtakiwa. Chukueni simu yenyewe mwende Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Huduma ya Simu kwa Mtoto ni namba 116, nayo haitozwi fedha.

Kwa walimu, naomba somo la ushauri nasaha liguse mambo haya waziwazi, maana mwanafunzi huacha simu nyumbani lakini huja shuleni na yale aliyoyaona.

Na kwenu wanafunzi wenzangu, sisi ndio kaka na dada ambao wadogo wetu hutuiga. Mdogo wako akikuonyesha jambo la aibu, usimcheke wala usimtangaze. Mshike mkono, mwende pamoja kwa mama, kwa shangazi au kwa mwalimu mnayemwamini. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mtoto anayejua kwamba atasikilizwa ana kinga ambayo mtu mbaya hawezi kuivunja kwa urahisi, na kinga hiyo haihitaji bando wala umeme. Twaweza kuianza nyumbani kwetu jioni ya leo.