Samaki Achukuaye Mimba Miaka Mitano

Kila mfugaji wa Moiben, karibu na Eldoret, ajua ya kuwa ng'ombe huchukua mimba muda wa miezi tisa. Ajua pia ya kuwa mtu achinjaye mitamba yake ovyo hukaa na zizi tupu. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji habari za samaki wa bahari yetu, ambaye hesabu ya uzazi wake ni ndefu kupita ya ng'ombe.

Samaki huyo huitwa silikanti. Watu wa Komoro humwita gombesa. Wataalamu walidhani ya kuwa ametoweka duniani tangu miaka milioni 66 iliyopita, hata mmoja alipovuliwa Afrika ya Kusini mwezi wa Desemba, 1938. Hapa Kenya alinaswa mmoja karibu na Malindi mwaka 2001, na tangu mwaka 2003 wavuvi wa Tanzania, hasa wa Tanga, wamempata mara nyingi. Si rahisi kumwona akiwa hai, kwa maana mchana hukaa katika mapango ya miamba, mara nyingi katika kina cha mita 100 na zaidi.

Samaki wengi hutaga mayai madogo, maelfu kwa maelfu, na dume huyamwagia mbegu yake majini. Silikanti sivyo. Yai lake lapata upana wa sentimita 9, kama chungwa kubwa, wala halina ganda gumu. Nalo hupata mbegu ndani ya mwili wa jike. Mtu apasuaye kuku jikoni ataona ya kuwa mfuko wa mayai ufanyao kazi ni mmoja tu, wa upande wa kushoto. Silikanti jike naye hutumia upande mmoja, lakini wake ni wa kulia.

Zamani watu walibishana kama samaki huyu hutaga au huzaa. Mwaka 1975 wataalamu wa jumba la makumbusho la New York walieleza habari za jike aliyevuliwa Komoro mwaka 1962. Walipompasua walikuta watoto watano, kila mmoja urefu wa sentimita 30 na zaidi, na kifuko cha kiini cha yai kimeshikamana na tumbo lake. Basi ikajulikana ya kuwa yai huanguliwa tumboni mwa mama, na mtoto hulishwa na kiini kile. Hana kondo kama ndama. Chakula chake amewekewa tangu mwanzo, ndiyo sababu yai likawa kubwa vile. Jike mwingine, aliyenaswa Msumbiji mwaka 1991, alikuwa na watoto 26.

Je, mimba hiyo huchukua muda gani? Mwaka 2021 wataalamu wa Ufaransa walitangaza matokeo ya kuhesabu pete ndogo zilizomo katika magamba, kama vile mfugaji atazamavyo pete za pembe. Waliona ya kuwa mimba huchukua miaka mitano hivi, kwamba jike hukaribia miaka 60 kabla ya kuanza kuzaa, na kwamba samaki huyu aweza kuishi miaka 100 hivi.

Hapo ndipo penye jambo la kufikiriwa. Huko Tanga silikanti wengi wamekufa katika majarife yaliyotegewa papa. Jike mmoja mwenye mimba anaswapo, hupotea yeye pamoja na watoto wake wote, na wa kushika nafasi yake hapatikani ila baada ya miaka mingi mno. Kwa hiyo serikali ya Tanzania iliweka hifadhi ya silikanti katika bahari ya Tanga mwaka 2009. Mfugaji afahamuye thamani ya mtamba hatashangaa kusikia ya kuwa baharini nako kuna mzazi wa kutunzwa.