Utabiri wa Bei ya Mahindi Ulikosea kwa Bob Ngapi?

Ni Desemba. Una magunia kumi ya mahindi stoo, karo ya Januari inabisha hodi, na broka amesimama langoni anakwambia bei inashuka, uza leo. Kabla hujamjibu, simu inalia. Ujumbe unasema gunia la kilo 90 litafika shilingi 4,000 ndani ya wiki chache. Sasa umwamini nani?

Broka hakuna mtu humpa alama. Akikosea leo, wiki ijayo anarudi na pikipiki ile ile na maneno mengine. Lakini wale wanaotengeneza programu za kutabiri bei wana mahali pa kupimwa: mashindano ya wiki kwa wiki. Ukielewa alama zinavyotolewa huko, utajua cha kumuuliza yeyote anayekutumia utabiri kwa simu.

Kazi yenyewe ni hivi. Washindani wanapewa bei za soko za miaka iliyopita, kwa mfano zile zinazowekwa kwenye KAMIS, mfumo wa Wizara ya Kilimo wa taarifa za masoko. Kisha wanaulizwa: wiki ijayo bei itakuwa ngapi? Na ile inayofuata? Kila mtu anatuma jibu kabla ya saa ya mwisho, na ikipita, hakuna kubadilisha. Wiki inafika, soko linasema bei yake, tofauti inahesabiwa, na majina kwenye ubao wa matokeo yanapanda na kushuka. Halafu wote wanapewa ile bei mpya na mchezo unaanza tena.

Kwa nini usumbufu wote huu? Si wangetumia tu bei za zamani, wafiche mwaka mmoja na kuwapima nao? Shida ni kwamba ya zamani tunayajua. Chukua Machi 2021. Kenya ilizuia ghafla mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya aflatoksini, na baada ya siku chache ikayaruhusu tena kwa masharti. Mtu anayetengeneza programu leo anaweza kuirekebisha mpaka ionekane iliujua mwezi ule. Huo si utabiri, ni kunakili mtihani ukiwa na majibu mkononi. Katika mashindano ya wiki kwa wiki, jibu halijazaliwa. Tangazo kama lile likitokea, wengi watakosea mbele ya watu wote, na hapo ndipo utaona nani anajirekebisha haraka na nani anaendelea kupotea.

Sasa tuingie kwa hesabu. Hizi namba ni za mfano tu. Tuseme bei halisi ya gunia kwa wiki nne ilikuwa 3,600, 3,550, 3,700, halafu ikaruka hadi 4,100.

Mshindani wa kwanza alisema 3,500, 3,650, 3,600 na 4,000. Kila wiki amekosea kwa shilingi 100, mara juu, mara chini. Hapa juu na chini havifutani. Kosa ni kosa. Wastani wake ni 100.

Mshindani wa pili alisema 3,600, 3,550, 3,690 na 3,750. Wiki mbili amepata sawasawa kabisa, ya tatu kakosea kwa kumi tu. Lakini ile wiki bei iliporuka, alikosea kwa 350. Jumla ni 360, ukigawa kwa nne unapata 90. Kwa hesabu hii ameshinda.

Subiri kidogo. Kuna njia ya pili, ambayo huadhibu kosa kubwa zaidi. Kila kosa unalizidisha kwa lenyewe, unatafuta wastani, kisha unatafuta kipeuo cha pili ili urudi kwa shilingi. Mshindani wa kwanza anabaki na 100 yake. Wa pili anaruka hadi kama 175. Sasa ameshindwa, na mbali! Ndiyo maana unaweza kukuta waandaaji wakitumia njia zote mbili kwa pamoja, mtu asishinde kwa kubahatisha wiki za utulivu.

Kwangu mimi, njia ya pili ndiyo inayomfaa mkulima. Kosa la shilingi kumi halikuumizi. Kosa la 350 kwa magunia kumi ni 3,500, na hiyo ni pesa ya kununua sare na vitabu.

Kuna mshindani mwingine ambaye huwa hajisajili lakini lazima apimwe: yule anayesema bei ya wiki ijayo itakuwa ile ile ya wiki hii. Hahitaji kompyuta. Kwa mfano wetu, kama wiki ya kabla bei ilikuwa 3,600, angekosea kwa 0, 50, 150 na 400, wastani 150. Wote wawili wamemshinda. Usimdharau lakini. Bei ya mahindi ikitulia, jibu lake ni gumu kupita, na programu inayoshindwa na huyu haina kazi hata ikiwa na jina zuri namna gani.

Halafu kuna jambo ambalo alama hazisemi: bei ya wapi? Utabiri unaweza kupimwa kwa bei ya jumla Nairobi na ukapata alama nzuri sana. Wewe uko Kitale, unauza langoni, mahindi bado yana unyevu, na kuna nauli ya lori katikati. Alama ile ni ya kweli, lakini si ya gunia lako.

Kwa hivyo ukipata ujumbe wa bei, usiufute. Andika kwenye daftari tarehe, bei waliyosema, na baadaye bei uliyoiona sokoni kwenu. Fanya hivyo wiki nane. Ukitaka kuchukua mkopo wa simu huku ukisubiri bei ipande, tafuta kosa kubwa zaidi kwenye daftari lako na uliondoe kwenye bei waliyokuahidi. Wakisema 4,000 na waliwahi kukosea kwa 350, pigia hesabu 3,650, toa gharama ya mkopo, toa dawa ya kuzuia dumuzi. Kama kilichobaki hakizidi bei ya broka wa leo, muite arudi na mizani.

Na ukimuuliza anayekutumia utabiri akuonyeshe alikosea kwa ngapi mwezi uliopita, kisha badala ya jibu akuombe utume pesa kwanza au umpe namba yako ya siri, kata simu.