Makaratasi ya sendika, mu mashini yetu wenyewe

Mwaka jana mama mmoja alifika kwa bureau yetu. Bwana yake alikufa kazini, naye alitaka kuona convention collective, ajue famili inapashwa kupata nini. Tulitafuta siku tatu. Tuliikuta chini ya bati penye mvua inaingia, kurasa zimeshikamana. Tulisikia haya mingi.

Siku ile tukapatana: makaratasi yote iingie mu ordinatere, na kila mtu asome kwa telefone yake, kwa Wi-Fi ya bureau, bila kununua mega. Kazi hiyo inaomba serveri. Tulichagua Apache, programu ya bure iliyoanza mwaka 1995, tukaiweka mu ordinatere ya zamani yenye Linux Debian.

Debian inaweza kuileta tayari kwa amri moja. Lakini vijana wetu walitaka kujifunza, basi tukachukua ile mbichi. Ni kama mawe ya shaba: lazima ipite mu fonderi kwanza.

Tulifungua mufuko kwa tar. Kisha tukaandika ./configure, inayopima kama vyombo vyote viko. Ikakataa palepale: APR haipo. APR ni vipande ambavyo Apache inasimamia juu yake. Tulileta hiyo, na APR-Util, na PCRE, tukaanza upya. Ikapita.

Halafu make. Hapo ndipo fonderi yenyewe: gcc inageuza maandishi kuwa programu. Mwisho make install, kwa ruhusa ya root, inapeleka kila kitu mu /usr/local/apache2. Tukaandika apachectl start, tukafungua telefone: ukurasa wa kwanza ukatokea. Batu bakapiga makofi!

Makaratasi yetu tuliweka mu htdocs. Kila tukigusa httpd.conf, tunapima kwanza kwa apachectl configtest, maana kosa la herufi moja linazuia serveri kuwaka.

Lakini tusidanganyane. Courant ilikatika, ikarudi, serveri ikabaki kimya. Ile mbichi haijiwashi yenyewe. Ilibidi tuandikie systemd amri ya kuiwasha. Tena Debian hairekebishi matundu yake kwa ajili yetu. Toleo jipya likitoka, ni sisi tunajenga tena. Vijana wawili wamepewa kazi hiyo, wote wawili wanajua, ili mmoja akisafiri isikufe.

Leo mutu anasoma mwenyewe Code du travail ya 2002: saa 45 kwa juma, hapana zaidi bila kulipwa ya ziada. Anasoma Code minier iliyorekebishwa 2018: 0,3 % ya chiffre d'affaires, kwa uchache, ni ya maendeleo ya vijiji vinavyozunguka mugodi. Majina na mishahara ya watu hatuweki humo.

Ba mama, ba papa, mukuje na telefone zenu. Karatasi ya haki haitafutwe tena siku tatu.